Ugumu Unaotokana na Vurugu: Metali Inapofuliwa Ikiwa Baridi

Msikilizaji, chukua kipande cha waya wa shaba, ule wenye uzi mmoja mnene unaopita ndani ya ukuta kupeleka umeme, ukiwa umeshavuliwa plastiki yake. Ukunje mara moja. Unakunjika bila ubishi. Sasa jaribu kuunyoosha. Pale ulipokunja hapanyooki. Waya unakunjika upya pembeni, upande huu na upande ule wa kunjo la kwanza, na kunjo lenyewe linabaki kigongo kidogo kisichoondoka kwa nguvu za vidole. Endelea kuupeleka na kuurudisha mahali hapo hapo: utasikia joto, kisha waya utakatika. Muda wote huo hujaongeza kitu ndani ya shaba wala hujatoa. Ni shaba ileile iliyotoka dukani, lakini kwanza ilikuwa laini, ikawa ngumu, ikavunjika. Swali la leo ni nini kilibadilika.

Jibu linalosikika zaidi, hata kwa watu wanaoshika nyundo kila siku, ni kwamba metali ikigongwa au ikikunjwa hukazana: chembe zake husogezwa karibu zaidi, nafasi hubanwa, na kitu kilichobanwa ni kigumu kuliko kilicholegea. Ni jibu linaloingia akilini haraka. Bahati mbaya linapimika, na likipimwa linashindwa. Shaba iliyofuliwa ikiwa baridi, ukipima uzito wake kwa ujazo, huwa nyepesi kidogo kuliko ilivyokuwa kabla ya kugongwa. Tofauti ni ndogo mno, sehemu ndogo ya asilimia moja, wala mizani ya dukani haiwezi kuiona. Ila imeelekea upande ambao nadharia ya kukazana haikuutegemea kabisa. Hoja yangu ni kwamba ugumu huo unatokana na vurugu. Kila pigo la nyundo linazaa kasoro mpya katika mpangilio wa atomi, na kasoro hizo zikishakuwa nyingi zinazuiana zenyewe kwa zenyewe. Najua hili halikubaliki kirahisi, kwa hiyo nitalijenga polepole.

Shaba, chuma, alumini, zinki na karibu metali zote tunazotumia ni mkusanyiko wa fuwele. Hatuzioni kama tunavyoziona za chumvi kwa sababu ni ndogo, nyingi ni sehemu tu ya milimita, na zimeshikana pande zote. Ndani ya kila moja atomi zimepangwa kwa safu na matabaka, kwa utaratibu mmoja unaojirudia. Mwaka 1899 watafiti wawili wa Cambridge, James Alfred Ewing na Walter Rosenhain, waling'arisha uso wa metali, wakaivuta, kisha wakaitazama kwa hadubini. Kwenye uso uliokuwa laini ilijitokeza mistari myembamba sambamba, ikibadili mwelekeo kila ilipotoka fuwele moja na kuingia nyingine. Ilikuwa vidato: matabaka yalikuwa yameteleza, moja juu ya jingine. Fuwele haikusagika. Iliteleza, na baada ya kuteleza ilibaki fuwele. Hiyo ndiyo maana ya metali kubadilika umbo moja kwa moja, tofauti na pale inapopindika kidogo na kurudi ilipokuwa.

Lakini inatelezaje? Mwaka 1926 mwanafizikia wa Kisovyeti Yakov Frenkel alipiga hesabu moja fupi: kama tabaka zima la atomi linateleza kwa pamoja juu ya tabaka jingine, kila atomi ikiruka kwa wakati mmoja kwenda nafasi inayofuata, inahitajika nguvu kiasi gani? Kwa shaba jibu linaangukia kwenye megapaskali elfu kadhaa. Fuwele moja ya shaba safi, iliyokuzwa kwa uangalifu maabara, huanza kuteleza kwenye megapaskali 1 hivi. Hesabu na kipimo vimepishana mara maelfu. Mtafiti akikosea kwa asilimia kumi anarekebisha vifaa vyake. Akikosea mara elfu, picha nzima aliyo nayo kichwani si ya kitu anachokipima.

Picha nyingine ilikuja mwaka 1934, na ilikuja mara tatu. Geoffrey Taylor wa Cambridge na Wahungari wawili, Egon Orowan na Michael Polanyi, walichapisha mwaka huo huo, kila mmoja kwa njia yake, wazo moja: tabaka haliruki zima. Ndani ya fuwele kuna mahali ambapo tabaka moja la atomi limekatizwa. Linaanzia juu, linashuka, na halifiki chini. Ukingo wa tabaka hilo ni mstari, na wataalamu wanauita dislokesheni. Mimi nitauita mstari wa kasoro. Kuuzunguka, atomi zimebanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili, kwa hiyo msukumo mdogo unatosha kukifungua kifungo kimoja na kukifunga kwa jirani. Mstari unasogea hatua moja, kisha nyingine. Ukishavuka fuwele yote, nusu ya juu imehama kwa upana wa atomi moja juu ya nusu ya chini, ingawa hakuna dakika ambayo atomi zote zilihama pamoja. Mwenye busati zito sebuleni anaijua siri hii: ukilivuta zima linakutoa jasho, ukilitia kunjo ukingoni ukalisukuma kunjo hilo hadi ng'ambo, busati limesogea. Mwaka 1939 Mholanzi Jan Burgers aliongeza aina ya pili ya mstari, ambamo matabaka hayakukatizwa ila yanapanda kwa kuuzunguka, na mistari mingi halisi ni mchanganyiko wa aina hizo mbili.

Msikilizaji makini ameshanikamata hapa. Kama mistari hii ndiyo inayoirahisishia metali kuteleza, na kama kukunja kunaongeza mistari, basi waya uliokunjwa ungepaswa kulainika zaidi. Iweje ugumu? Ni pingamizi zito, na lisipojibiwa hoja yangu yote inaanguka. Jibu liko kwenye idadi. Katika shaba iliyolainishwa kwa moto, sentimita moja ya mraba inapenywa na mistari kati ya milioni 1 na milioni 100. Inasikika mingi, lakini kwa kipimo cha atomi imetawanyika, na kila mmoja una uwanja wa kutembea. Ukiifua shaba hiyo ikiwa baridi, idadi hupanda hadi bilioni 100, hata trilioni 1. Tushike hiyo ndogo. Mistari yote iliyomo katika kipande cha sentimita moja kila upande, kinachofichika ndani ya ngumi ya mtoto, ikiunganishwa ncha kwa ncha inafikia kilomita milioni 1. Kutoka duniani hadi mwezini ni kilomita 384,000 hivi. Utakwenda, utarudi, na mstari bado haujaisha.

Mingi hivyo inatoka wapi? Mstari ulioshikwa ncha zake mbili na vizuizi hauwezi kusogea mzima. Ukisukumwa unavimba katikati, unaendelea kuvimba, unazizunguka ncha zake wenyewe, na pande zake mbili zinakutana nyuma. Hapo kinazaliwa kitanzi kamili kinachotanuka na kwenda zake, huku kipande cha mwanzo kikibaki pale pale, tayari kuzaa kingine. Charles Frank wa Uingereza na Thornton Read wa Marekani walilifikia wazo hili kila mmoja kivyake, wakalichapisha pamoja mwaka 1950. Kwa maneno mengine, nguvu ile ile inayoipinda metali ndiyo inayozalisha mistari, na uzalishaji haukomi maadamu metali inaendelea kupinda.

Sasa mistari hiyo iko kwenye matabaka yenye mielekeo tofauti, kwa hiyo haiwezi kutembea bila kukutana. Kila mmoja umebeba eneo lake la mbano na mvuto. Ukiukaribia mwingine unavutwa au unasukumwa. Mingine hukutana na kufungana fundo ambalo halina tabaka la kutelezea, na fundo hilo linaifungia njia mistari inayofuata. Mingine hukatana na kupita, lakini kila mkato unauachia mstari kijipindo, na mstari wenye vijipindo unaburura. Katika kuburura kwake unaacha nyuma nafasi tupu zisizo na atomi, au atomi zilizojipenyeza mahali pasipo pao. Ndiyo sababu metali iliyofuliwa inakuwa na kasoro za kila namna, za mstari na za nukta, na ndiyo sababu ujazo wake unapanda kidogo badala ya kupungua. Taylor mwenyewe aliona mapema kwamba nguvu inayohitajika kuteleza inapanda kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mistari: ukitaka ugumu mara mbili, mistari lazima iongezeke mara nne. Kwa hiyo mistari michache inailainisha metali na mingi inaifanya ngumu, na hakuna mgongano wowote kati ya kauli hizo mbili.

Mwingine atasema hizo ni hadithi za wenye kalamu na karatasi. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana hakuna aliyewahi kuuona mstari mmoja ukitembea. Mwaka 1956 Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan wa maabara ya Cavendish, Cambridge, walichapisha walichokiona walipopitisha elektroni katika utando mwembamba sana wa alumini ndani ya hadubini ya elektroni. Mistari ilionekana, na ilionekana ikisogea. Mwaka huo huo Walter Bollmann, akifanya kazi Geneva, aliionyesha katika chuma kisichoshika kutu. Tangu hapo mjadala wa kama ipo au haipo umefungwa.

Ulibaki mjadala wa kama ndiyo inayoleta ugumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na nadharia iliyoheshimika, ikihusishwa na Mwingereza George Beilby, kwamba metali ikigongwa au kusuguliwa sehemu yake inapoteza ufuwele kabisa, na sehemu hiyo isiyo na mpangilio ndiyo ngumu. Miale ya eksirei haikuiunga mkono: metali iliyofuliwa vikali bado inatoa alama za fuwele, ila zimepanuka na kufifia. Umeme nao unashuhudia. Waya wa shaba uliovutwa ukiwa baridi hadi ukawa mgumu hupoteza asilimia 2 au 3 tu ya uwezo wake wa kupitisha umeme. Kama nusu ya atomi zingekuwa hazijui zilipo, hasara ingekuwa kubwa mno kuliko hiyo. Mistari ni mingi ukihesabu kwa kilomita, lakini atomi nyingi mno bado zimekaa kwenye safu zao.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni moto. Chukua shaba ile iliyogoma, ipashe kwenye nyuzi 300 au 400 za Selsiasi kwa muda, mbali sana na nyuzi 1,085 ambako huyeyuka, kisha iache ipoe. Inarudi laini. Kemia yake haijabadilika, umbo lake halijabadilika, wala hakuna kilichotanuka ikiwa kweli ilikazana. Kilichotokea ni kwamba atomi zimepata joto la kutosha kuhama, na ndani ya metali iliyovurugika zimeota fuwele mpya zenye mistari michache, zikazimeza zile za zamani. Taylor na mwenzake Quinney walipima mwaka 1934 kazi ya kuipinda metali inakwenda wapi: sehemu kubwa inatoka kama joto, lile lile unalolisikia kwenye kunjo la waya, na sehemu ndogo, kama moja kwa kumi au pungufu, inabaki imefungiwa ndani. Imefungiwa kwenye kasoro. Ndiyo inayozisukuma fuwele mpya kukua.

Risasi inalithibitisha jambo hili kwa upande wa pili. Chubwi ya mvuvi unaweza kuipinda na kuigonga uwezavyo, haiwi ngumu. Sababu ni kwamba risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na kwake joto la kawaida la pwani linatosha kufanya kazi ambayo kwa shaba inahitaji tanuri: mistari inazaliwa na kufutwa karibu kwa pamoja. Nadharia ya kukazana haina la kusema hapa, kwa sababu risasi ni rahisi kuibana kuliko shaba, na kwa mujibu wake ingepaswa kuongoza kwa ugumu. Mafundi, kwa upande wao, walikuwa na maarifa ya mikono kabla ya karatasi yoyote. Wayeke waliotoka Unyamwezi wakaingia Katanga na kujenga dola ya mtawala Msiri pale Bunkeya katika karne ya 19 walisifika kwa kuvuta waya mwembamba wa shaba wa kutengenezea bangili. Kuvuta waya kuna sharti lisilokwepeka popote: ukishaupitisha kwenye matundu machache unagoma, ukiulazimisha unakatika, na ukitaka wembamba zaidi lazima urudi motoni kwanza.

Kuna pingamizi jingine ambalo linavutia zaidi kwa maoni yangu. Kama fuwele isiyo na kasoro hata moja ingekuwa na nguvu ile kubwa ya hesabu ya Frenkel, kwa nini tusiitafute hiyo, tuachane na habari za kulundika kasoro? Imetafutwa, na imepatikana. Miaka ya 1950 watafiti wa Marekani walizipima nywele za metali, vijinyuzi vya maikroni chache vinavyoota karibu bila kasoro, na kinyuzi cha chuma kilichopimwa na Sidney Brenner kilihimili takriban megapaskali 13,000, mara 20 na zaidi ya nondo nzuri ya ujenzi. Lakini kinyuzi hicho ukikifanya kinene, uwezekano wa kukosa kasoro unatoweka. Na kikishashindwa, hakishindwi kwa utaratibu: mstari wa kwanza ukizaliwa, uwanja ni mtupu, hakuna wa kuuzuia, na nguvu yote inaporomoka kwa mkupuo. Daraja au jengo halijengwi kwa kitu kinachobeba mzigo mkubwa kisha kikasalimu amri bila onyo. Metali yenye mistari ya wastani inapinda kwanza, inakuwa ngumu pale inapopinda, na kwa hiyo inauhamishia mzigo sehemu nyingine. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko nguvu tupu.

Kinachobaki ni kile kipande cha waya kilichokatika. Ikiwa vurugu inaleta ugumu, kwa nini mwisho wake ni kuvunjika? Hapa sina budi kukubali kwamba ugumu huu una bei. Shaba laini inaweza kurefuka kwa asilimia 40 na zaidi kabla ya kukatika; ile iliyovutwa baridi huhitaji megapaskali 300 na zaidi ili ianze kuteleza, mara kadhaa ya laini, lakini mara nyingi hairefuki hata asilimia 10. Uwezo wa kuteleza umeshatumika. Mistari inayorundikana mbele ya kizuizi inakusanya mkazo mahali pamoja hadi ufa ufunguke. Na metali inapopelekwa na kurudishwa, vidato vile vya Ewing na Rosenhain havirudi vilivyokuwa. Uso unajitokeza hapa na kubonyea pale. Ewing huyo huyo, akiwa na Humfrey, alionyesha mwaka 1903 kwamba nyufa za uchovu katika chuma zinaanzia kwenye mistari hiyo ya mtelezo. Kwa hiyo kasoro inaimarisha na kasoro inavunja, na swali la kihandisi ni kiasi gani na wapi.

Hili lina maana kwa yeyote anayejenga, kwa sababu tunanunua vurugu hii kila siku bila kuiona. Msumari wa kawaida na waya mweusi wa kufungia nondo mara nyingi ni chuma cha namna moja, chenye kaboni kidogo. Wa kwanza ulivutwa baridi na kukatwa ukiwa mgumu ili uhimili nyundo. Wa pili ulirudishwa tanurini ili ukubali kusokotwa kwa koleo. Nyaya nyingi za alumini kwenye njia kubwa za umeme zimeimarishwa kwa kuvutwa baridi, na zikikaa muda mrefu kwenye joto la karibu nyuzi 100 zinaanza kupoteza uimara huo. Nondo zilizosokotwa baridi nazo zinapata nguvu zake kutoka vurugu hiyo hiyo. Nondo za kisasa zilizopozwa ghafla kwa maji kiwandani nazo zimebeba gamba gumu la nje lililojaa mistari ya kasoro, na hilo pia halipendi moto.

Kwa hiyo fundi anayeipasha nondo kwa gesi au kwa mkaa ili ikunjike kwa urahisi, na mwenye nyumba anayesimama pembeni akiona kazi inakwenda haraka, wajue wanachokifuta. Nondo hiyo inabaki na umbo la nondo na nguvu pungufu, na jicho haliwezi kutofautisha. Wanaoikunja nondo pembeni ili isiwasumbue kupita, kisha wakainyoosha kwa bomba wiki inayofuata, wanafanya lile lile tulilolifanya kwa waya wa shaba. Ikunjwe ikiwa baridi, kwa kuizungushia chuma cha mviringo chenye unene mara kadhaa wa nondo yenyewe, na ikunjwe mara moja. Ikikosewa, iwekwe kando, ikatwe nyingine.